Miaka Miwili ya Kuitwa Tajiri

Ukitaka kujua kama mtu ni mzaliwa wa pwani au kaletwa na gari moshi, mfukulie shimo la makumbi mbele yake. Mgeni atakimbia. Mwenyeji ataziba pua kwa upindo wa kanga na kuuliza makumbi ni ya nani. Mimi nilizaliwa Tanga, na mama yangu vilevile, lakini siku ya kwanza nilikimbia mpaka barabarani, na shangazi yangu akacheka mpaka akakaa chini.

Kwa asiyejua, kumbi ni lile ganda la nje la nazi. Unayafukia makumbi kwenye matope ya ufukweni, huko mikokoni, na kuyaacha miezi mpaka yaoze na kulainika. Halafu unayafukua na kuyaponda kwa rungu mpaka zibaki nyuzi tupu, nazo ndizo usumba. Usumba unauosha, unauanika, unausokota kamba pajani au unautengenezea mazulia ya kufutia miguu mlangoni. Kazi yenyewe ni uvundo, vumbi na mgongo, na ndiyo iliyomlisha shangazi tangu alipofiwa na mumewe.

Nilikwenda kwake mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nimetoka kuachika, nina miaka ishirini na kitu, sanduku la bati, na hasira mbichi. Hakuniuliza kilichotokea. Alinipa rungu, akanisukumia rundo la makumbi na kusema, "Haya, ponda. Jifanye ndiye yeye." Niliponda wiki nzima bila kuchoka, na tangu hapo sikuondoka.

Shangazi hakujaaliwa mtoto, na hakuwa na subira na mtu yeyote aliyemwonea huruma kwa hilo. Uani kwake, mtaa wa Usagara, palikuwa pamejaa watu tangu alfajiri. Palikuwa na mjane wa Kipemba, aliyefuata mume Tanga, mume akafa, yeye akabaki. Huyo ndiye aliyekuwa fundi wa mazulia. Palikuwa na bibi kizee wa Kidigo ambaye macho yalimchoka lakini mdomo haukuchoka, akisokota kamba na kusengenya kwa wakati mmoja. Palikuwa na wengine kadhaa, wanawake kwa wanaume. Na palikuwa na Mnyamwezi.

Huyu alikuja Tanga kukata mkonge, akachoka kuchomwa na miiba, akaoa huko Pongwe, akasilimu, na mwisho akajikuta anaponda makumbi kwa shangazi. Sasa, bibi yangu, mama yake shangazi, alikuwa Mzigua, na Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya mkweo, ya kukunyang'anya kitoweo ukiwa umekishika mkononi, na ya kukalia jeneza lako mpaka wenye maiti wamwondoe kwa kumpa chochote. Siku mtani wako asipokutukana, jiulize umemkosea nini.

Kwa hiyo kila asubuhi Mnyamwezi aliingia uani kwa kelele. "Wee mtumwa! Chai yangu iko wapi?"

Na shangazi alijibu bila kugeuka, "Mzoga weye, tangu lini maiti akanywa chai?"

Chai ilikuwa tayari. Ilikuwa imetiwa tangawizi, kwa sababu Mnyamwezi hakuipenda bila tangawizi. Ndivyo siku zetu zilivyofunguliwa, na sisi wengine tulianza kazi tukiwa tumekwishacheka.

Enzi hizo baraza la mji liliingiwa na homa ya maendeleo. Mkonge ulikuwa umepanda bei, mji ulikuwa na fedha, na mwenye fedha hakosi mipango. Likapita gari lenye kipaza sauti, likitangaza mitaani kwamba baraza limepima viwanja huko mwisho wa Nguvumali, na kwamba litawapa watu wenye viwanda vidogo. Atakayejenga banda la bati lenye sakafu ya saruji na kuajiri watu atasamehewa kodi ya kiwanja na leseni ya biashara kwa miaka miwili. Zaidi ya hayo, baraza lenyewe litanunua bidhaa zake kwa ajili ya ofisi zake.

Majirani zetu wa Usagara walifurahi kuliko sisi. Walikuwa wamechoka na vumbi letu, na harufu yetu ilikuwa inaingia mpaka kwenye pilau zao za harusi. Walimtia moyo shangazi kwa upendo mkubwa sana.

Shangazi alikwenda barazani akarudi na mkataba. Alikuwa hajui kusoma maandishi ya Kizungu, ila Kurani, basi nikamsomea mimi ile nakala ya Kiswahili. Sharti kubwa lilikuwa hili: kiwanda kiwe na wafanyakazi wasiopungua wanane, na wasiwe wa ukoo wa mwenye kiwanda. Baraza lilikuwa na sababu yake. Wajanja fulani waliwahi kupewa viwanja, wakajaza humo wake na watoto wao, wakaita kiwanda.

"Nisomee tena hapo pa ukoo," shangazi akasema.

Nikasoma tena. Akanitazama kutoka utosini mpaka miguuni.

"Basi kasoro ni weye peke yako," akasema. "Hawa wengine si damu yangu hata mmoja. Siku wakija kukagua, weye ni mgeni. Umepita kunisalimu."

Tukaafikiana hivyo. Tukajiona werevu.

Fedha za bati na saruji hazikuwapo, kwa hiyo shangazi akauza nyumba yake ya Usagara, nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Nilimwambia angoje kwanza mpaka msamaha uthibitishwe. Akaniambia kwamba mimi niliolewa baada ya kungoja sana, na tumeona matokeo. Banda likasimama, tukatenga chumba kidogo nyuma kwa ajili ya kulala yeye na mimi, na mvua ya kwanza ilipopiga bati hatukusikilizana kwa usiku mzima.

Wakaja kukagua, Mzungu wa baraza na karani wake. Mzungu alikuwa mrefu, mpole, shingo imebabuka kwa jua. Kiswahili alikijua cha sokoni tu, na kwa sababu alishawahi kudanganywa na wakalimani, alimwamuru karani amfasirie kila neno kama lilivyo, bila kupunguza wala kuongeza. Karani alikuwa kijana wa bara, suruali ya kaki imenyooka kwa pasi, na alikuwa amepanga chumba hapo hapo Nguvumali, nyumba ya tatu kutoka bandani kwetu. Mwanzoni yote yalikwenda vizuri. Mzungu akapiga sakafu kwa kisigino, akasifu. Akauliza kwa nini tunahangaika na makumbi, na mkonge umejaa Tanga nzima.

"Mkonge una wenyewe," shangazi akajibu, na Mzungu akaona haya kidogo.

Kisha karani akafungua daftari, akaanza na mjane wa Kipemba. "Wewe ni nani kwa huyu mama?"

"Mie?" Mjane akainua uso kutoka kwenye zulia lake. "Mie mwanawe."

"Mwanawe wa kumzaa?"

Mjane akakasirika. "Mwanangu, mbona waniuliza mambo ya uzazi mbele za watu?"

Karani akaandika, akamgeukia bibi kizee wa Kidigo. Huyu hakungoja hata swali. "Mimi mamake. Mwanangu huyu, nimemlea mimi."

Alikuwa amemfahamu shangazi kwa miaka minne hivi. Nilianza kumkonyeza, lakini nilisahau kwamba haoni vizuri. Akafuata mmoja akasema ni wifi yake. Mwingine akasema ni kaka. Mwingine akasema yeye na shangazi ni kitu kimoja, usimuulize zaidi. Shangazi alikuwa amesimama karibu na mlango, na nikaona tabasamu lake linaganda.

Karani akafika kwa Mnyamwezi.

"Andika vizuri," Mnyamwezi akasema, na akaweka rungu chini. "Mwenye kiwanda ni mimi. Huyu mama ni mtumwa wangu. Nilimnunua kwa jembe bovu, na jembe lenyewe mpaka leo nalijutia."

Banda zima likaangua kicheko. Hata shangazi, Mungu amrehemu, alisahau hatari akacheka. Karani akafasiri. Mzungu hakucheka. Akaomba aambiwe tena, na karani, kwa kuwa aliamriwa neno kwa neno, akarudia neno kwa neno, pamoja na jembe. Shingo ya Mzungu ikazidi kuiva.

Nikabaki mimi. "Na wewe?"

"Mimi mgeni tu," nikasema kwa adabu. "Nimepita kusalimu."

Hivyo basi katika daftari la baraza la mji, mtu pekee aliyeandikwa kwamba hana undugu wowote na shangazi yangu nilikuwa mimi, niliyerithi pua yake na hasira zake.

Karani mwenyewe ndiye aliyeleta jibu, na alinikabidhi bila kuniangalia usoni. Baraza limeona kwamba kiwanda hicho ni cha ukoo mmoja. Msamaha hautatolewa. Kiwanja kirudishwe kabla mwezi haujaisha, apewe mwombaji mwingine mwenye mtambo wa soda. Na jambo la mtu anayedaiwa kushikwa kama mtumwa litachunguzwa.

Nilisoma kwa sauti mpaka mwisho, halafu nikatamani nisingejua kusoma. Shangazi aliketi juu ya rundo la makumbi.

"Nimeuza nyumba ya marehemu," akasema. "Nimeuza nyumba, mwanangu. N'takwenda kulala wapi?"

Sikuwa nimewahi kumsikia akiuliza swali ambalo hana jibu lake. Nikaogopa, na mimi nikiogopa huwa nagomba. Nikawageukia wale wote, nikapiga kelele, "Mlishindwa nini kusema mmeajiriwa? Si mnalipwa? Neno moja tu!"

Mjane wa Kipemba akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nimtangaze mbele za watu kuwa ni tajiri yangu? Kwani kanifanya nini?"

Alikuwa na haki. Kwetu, mtu unayekula naye sinia moja humwiti tajiri, yaani mwajiri wako, mbele ya wageni. Ukimwita hivyo, umesema kwamba kati yenu hakuna kingine ila mshahara. Na wengi wetu tulikuwa na babu au bibi ambaye zamani alikuwa na wenyewe, hatulizungumzi, lakini tunalijua, na kumfanyia mtu mwingine kazi ni jambo tunalolivika nguo za undugu kabla halijatoka nje. Mtani peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kulitoa uchi, kwa sababu kila mtu anajua anatania. Kila mtu isipokuwa baraza la mji.

Mnyamwezi alikuwa amekaa pembeni. Chai yake ilipoa.

Tulikwenda kwa liwali, mimi na shangazi. Liwali wetu alikuwa mzee wa mjini, mwenye kilemba safi na cheo cha haja, na alikuwa na kiti katika kamati ya viwanja. Tulimpa shikamoo, tukamweleza yote tangu mwanzo. Tulipofika kwenye jembe bovu alicheka mpaka akatoa leso. Akamwita mkewe aje asikie. Akaturudisha mwanzo tena kwa ajili ya mkewe.

Alipomaliza kujifuta macho akawa mtu mwingine. "Mimi nimecheka kwa sababu nimezaliwa hapa," akasema. "Wenzangu kwenye kamati hawatacheka. Walete watu wako, waseme kwa viapo kwamba si nduguzo. Pasi na hilo, sina la kukusaidia, binti."

Jioni ile shangazi aliwakusanya bandani. Alizoea kupaza sauti, kwa hiyo hakujua aiweke wapi siku aliyotaka kuomba. "Jamani," akasema, "kesho mtanikana. Nakuombeni mnikane vizuri." Bibi kizee akaanza kulia, na shangazi akamwambia anyamaze, hajafa mtu.

Kamati ilikaa katika ukumbi wa baraza, meza ndefu, vikombe vya chai, madiwani wa kila rangi, na yule Mzungu wetu mwisho wa meza. Sisi tulikaa kwenye benchi ukutani. Nilikuwa nimevaa nguo yangu nzuri na nilikuwa natoka jasho kama niliyebeba gunia. Mlangoni palikuwa na zulia la kufutia miguu lililoletwa kutoka ng'ambo, limechakaa vibaya, na mjane wa Kipemba alilikagua wakati wa kuingia akaguna.

Liwali akaanza na shangazi. "Mama, ukifa leo, Mungu apishe mbali, anakurithi nani?"

"Kaka yangu, aliye Pangani. Babake huyu." Akanionyesha mimi. Hivyo ugeni wangu ukaishia hapo hapo, na karani akakata kitu kwenye daftari lake.

"Na hawa wengine?"

Shangazi akawatazama mmoja mmoja. "Hawanirithi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

Wakaanza kuitwa. Mjane wa Kipemba, kwa kutaka kusaidia sana, aliharibu karibu kila kitu. "Simjui!" akapaza sauti. "Sijapata hata kumwona!"

"Humjui, na unamfanyia kazi?" akauliza diwani mmoja.

"Namfanyia, lakini simtazami."

Liwali akamzuia mkono kabla haujafika kwenye msahafu. "Usiape uongo, mama. Sema tu kwamba si nduguyo." Mjane akasema hivyo, haraka haraka, akarudi kwenye benchi. Bibi kizee akasema shangazi si mwanawe, halafu akaongeza polepole kwamba angependa awe. Karani akafasiri la kwanza. La pili akameza mate, akaliacha, na nikampenda kuanzia saa ile.

Mwisho akaitwa Mnyamwezi. Nilijifunika mdomo kwa buibui, maana nilimjua, na nilijua kwamba mtu wa namna ile hawezi kusimama mbele ya watu wengi vile asiseme neno. Akavua kofia, akaweka mkono juu ya msahafu.

"Si ndugu yangu," akasema. "Si mtumwa wangu, sikumnunua. Ni tajiri yangu, ananilipa mshahara."

Basi. Akarudi kuketi, akatazama sakafu.

Kamati ikaafiki. Msamaha miaka miwili, kiwanja ni chetu, na karani atakuwa anapita kukagua wakati wowote apendao bila kutoa taarifa. Tulipofika nje nilipiga vigelegele hapo hapo barabarani, watu wa baiskeli wakageuka. Shangazi hakupiga. Alimsogelea Mnyamwezi, akamgonga bega.

"Mzoga weye," akasema, "kumbe adabu unayo, unatuficha tu."

"Ndiyo, tajiri," Mnyamwezi akajibu.

Tukacheka, tukidhani ndiyo mzaha wenyewe.

Kesho yake aliingia bandani kimya. Akamwamkia shangazi kwa heshima, "Habari za asubuhi, tajiri," akachukua rungu lake. Chai aliinywa bila kuisema vibaya. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu nikamfuata nje, nikamuuliza ana nini.

"Nimeshika msahafu, binti," akasema. "Karani analala nyumba ya tatu pale. Nikiapa kwenye kamati halafu nikaja kumwita mtumwa, akisikia, mama huyu anarudi kukosa pa kulala. Mdomo wangu umeshamponza mara moja. Ngoja msamaha uishe."

"Miaka miwili?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Nilimweleza shangazi, akaelewa, akakasirika vilevile. Hakuna mtu anayejua kukasirika kwa jambo alilolielewa kama shangazi yangu. Alijaribu kila njia. Alimwambia kwamba kwao watu huzaliwa wameshachoka. "Inawezekana, tajiri." Alimwambia anaponda makumbi kama anabembeleza mtoto wa sultani. "Nitaongeza nguvu, tajiri." Siku moja akamtilia chumvi kwenye chai, kijiko kizima, na sote tukaacha kazi tumtazame. Mnyamwezi akainywa yote mpaka chini, akaweka kikombe na kusema, "Ahsante, tajiri." Shangazi akatoka nje, akajifanya anageuza usumba juani, na usumba wenyewe ulikuwa umeshakauka tangu juzi.

Biashara, lakini, ilinawiri. Baraza lilitimiza ahadi. Zulia la ng'ambo likatupwa, letu likawekwa, na baada ya ofisi za baraza zikafuata ofisi nyingine, halafu maduka, halafu nyumba za wakubwa. Ikafika mahali kila mtu mwenye viatu Tanga aliwahi kufuta matope yake juu ya kazi yetu. Shangazi akaezeka upya chumba chetu cha nyuma, tukaweka dari, na mvua ikinyesha tukawa tunaweza kugombana na kusikilizana. Wapita njia walimwita mwanamke mwenye bahati. Yeye aliitikia, "Alhamdulillahi," na alikuwa anamaanisha, lakini kila asubuhi alikuwa anaweka sikio mlangoni. Idi ya kwanza alimpa Mnyamwezi kanzu, na Mnyamwezi akaipokea kwa mikono miwili kama mtu baki. Nilimwona shangazi usiku ule amejifunika gubigubi, na sikumuuliza.

Mimi nilijaribu kumfariji. Nilimwambia, "Shangazi, amekulindia nyumba."

"Najua," akasema. "Nyumba ninayo. Sina wa kunitukana."

Hatimaye miaka miwili ikatimia. Wafanyabiashara wengine waliopewa viwanja pamoja nasi walikuwa wakihangaika barazani, wakiomba msamaha uongezwe, mmoja anadai mtambo uliharibika, mwingine anadai mkewe amejifungua mapacha. Shangazi alioga mapema, akavaa kanga za doti mpya ndani ya buibui, akajifukiza udi, akaniambia nimsindikize. Tulifika ofisini kabla hawajafungua madirisha. Karani wetu ndiye aliyekuwa zamu.

"Mama, kuna nafasi ya kuomba nyongeza," akamwambia kwa wema. "Mwaka mmoja zaidi. Nitakuandikia mwenyewe."

"Mwanangu," shangazi akasema, "nipe leseni yangu n'lipe."

Alilipa leseni, akalipa na kodi ya kiwanja, akaomba karatasi zote zipigwe muhuri mara mbili. Karani alimwangalia kama aliyeona mtu anacheza ngoma msibani. Njiani shangazi alitembea upesi mpaka mimi kijana nikawa nahema.

Bandani kila mtu alikuwa mahali pake, na kila mtu alijifanya ana kazi. Mjane wa Kipemba alikuwa anakata nyuzi ambazo hazihitaji kukatwa. Mnyamwezi alikuwa anaponda makumbi, ametupa mgongo.

"Nimelipa," shangazi akasema, akainua ile leseni juu.

Rungu likaendelea. Likapiga, likapiga, mpaka kumbi lililokuwa chini yake likawa nyuzi tupu. Shangazi alisimama na karatasi yake, na nikaona mkono unaanza kushuka. Nilitaka kulia kwa hasira.

Mnyamwezi akaweka rungu chini. Akajifuta jasho kwa upole, kama mtu mwenye siku nzima, kisha akageuka.

"Wee mtumwa," akasema. "Asubuhi yote umezurura mjini na udi wako. Nani kakupa ruhusa? Na chai yangu iko wapi?"

Shangazi akafungua mdomo kumjibu. Machozi ndiyo yaliyokuja. Aliyaacha yashuke mbele yetu sote, wala hakutoka nje kugeuza usumba.

"Iwe na tangawizi," Mnyamwezi akaongeza. "Miaka miwili umeninywesha chumvi."

"Ni siku moja tu, mzoga weye!" shangazi akapata sauti yake. Akaiweka leseni juu ya rundo la makumbi, pale pale penye matope, akapiga magoti kuwasha jiko.